Kipimo Kilichofungwa kwa Uzi wa Sweta

Kile kipimo kilikuwa changu. Naanzia hapo kwa sababu nimechoka kuzunguka. Kila nikijaribu kusimulia habari hii huwa naanza na joto la mwili, au na umri, au na jirani yangu mwenye mdomo, na nikifika katikati nakuta nimeshajitetea mpaka anayenisikiliza ananionea huruma. Sitaki huruma. Nilikinunua mwenyewe, nikakitumia mwenyewe, na siku kilipowekwa mezani mbele ya mume wangu nilimwacha binti yangu akibebe.

Nilikuwa na miaka arobaini na saba. Tangu nivunje ungo mwili wangu haukuwahi kunichezea. Siku ishirini na nane, ikizidi sana ishirini na tisa, na mambo ni yale yale. Hedhi ilikuwa imekosa mara mbili tu maishani, na mara zote mbili nilimaliza nikiwa nimempakata mtoto: kwanza kijana wangu, halafu huyu binti. Kwa hiyo kichwani mwangu kulikuwa na jibu moja tu. Ikikosa, ni mtoto. Hakuna aliyewahi kuniambia kuna jibu lingine. Mama yangu naye lazima aliacha kuona mwezi nikiwa bado nyumbani kwake, lakini hakusema neno. Nakumbuka tu mwaka mmoja alikuwa akitoka ghafla katikati ya chakula, anaketi kizingitini, anajipepea na leso na kutuambia sisi watoto tumemmaliza nguvu.

Basi mwaka ule ikakosa mwezi wa sita. Nikasema ni uchovu. Kazi yangu ni kufuma sweta za shule. Mashine iko sebuleni chini ya dirisha, na kabla ya shule kufunguliwa huwa silali vizuri wala sili vizuri. Nafuma migongo na mikono, binti yangu anaunganisha na kutia kola. Ikakosa tena mwezi wa saba. Hapo joto nalo likaanza. Nimeketi na sufu ya rangi ya damu ya mzee imenijaa mapajani, mara ghafla nahisi kama mtu amefunua sufuria ya ugali usoni pangu. Jasho linanitoka shingoni, linaingia mgongoni, halafu baada ya dakika mbili natetemeka natafuta shuka. Binti yangu akaniuliza, "Mathe, uko sawa?" Nikamjibu kwa ukali kwamba asiponiharakishia hizo kola ndiyo sitakuwa sawa.

Lazima nieleze aibu yenyewe, maana bila hiyo mtu ataniona kichaa. Mimi ni mke wa mtu. Mume wangu ni karani wa kanjo, baraza la jiji, mtu mtaratibu, tunalala kitanda kimoja, na mimba kwa mwanamke mwenye mume si dhambi. Lakini mwaka ule ule, mwezi wa tatu, mke wa kijana wangu alikuwa amejifungua kule Dandora wanakoishi. Mimi ndiye niliyemwogesha yule mtoto mara ya kwanza, nikiimba. Na kwetu magharibi, kwa watu wetu, mwanamke ambaye mwanawe ameoa na kuzaa hufunga duka. Mama mkwe na mkaza-mwana hawanyonyeshi mwaka mmoja. Wazee huona ni mkosi na wanawake huona ni uroho. Tumekaa Nairobi maisha yetu yote, tumezaliwa katika nyumba hizi za kanjo, lakini mambo kama hayo hayahitaji mtu awe kijijini. Nilijiona nikipanda kwenye mimbari siku ya kina mama, tumbo mbele, mkaza-mwana wangu ameketi benchi ya nyuma na mtoto wake kifuani. Haki, heri ningemezwa na ardhi.

Nikaenda kununua kipimo. Hapa mtaani kuna duka la dawa hatua mia moja kutoka mlangoni kwetu, lakini yule muuzaji anajua hata dawa ya minyoo niliyompa kijana wangu akiwa darasa la pili. Nikavaa viatu vya kutembelea, nikakata mpaka Majengo, nikaingia duka ambalo sijawahi kuingia. Kijana wa kaunta alikuwa mpole. Akakitia kwenye mfuko wa karatasi, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anayenisitiri, "Ni cha binti, mama?"

"Eeh," nikasema. "Ni cha msichana wangu."

Akanipa pole. Nami nikaipokea ile pole, nikashukuru, nikatoka. Hakuna mtu aliyekuwa amenishika koo. Hakuna aliyekuwa amemshuku mtoto. Wa kwanza kumtaja nilikuwa mimi.

Nyumba zetu ziko nne kwenye laini moja, na nyumba nne hizo zina choo kimoja na bafu moja nje. Kuna zamu ya kuosha, wiki kwa wiki, na kando ya choo kuna ndoo yenye kifuniko ambamo wanawake hutupa mambo yao. Mwenye zamu ndiye anayeimwaga. Nilipima asubuhi, mume wangu ameshaenda kazini. Ule mkojo ulipanda, nikasubiri nimeegemea mlango, nikaona mstari mmoja. Mmoja tu. Nikakitikisa, nikakipeleka kwenye mwanga, mstari ukabaki mmoja. Sina mimba. Nilipaswa kufurahi, na kwa dakika moja nilifurahi kweli, halafu nikaogopa upya. Kama si mtoto, basi ni nini? Nikafikiria uvimbe. Nikafikiria shangazi yangu aliyeanza na tumbo tu.

Nikakizungushia karatasi ya gazeti, na kwa kuwa karatasi ilikuwa inafunguka, nikatoa kipande cha uzi mfukoni mwa aproni nikaifunga. Uzi wa sweta. Nikatupa ndani ya ndoo bila wasiwasi, kwa sababu wiki ile zamu ilikuwa yetu na mimi mwenyewe ningeimwaga kesho yake. Nilichokuwa sijui ni kwamba binti yangu alikuwa amebadilishana zamu na jirani wa nyumba ya mwisho. Alimwomba achukue wiki yetu kwa sababu sweta zilikuwa zimetulemea na alitaka kunisaidia mchana kutwa. Hakuniambia kwa kuwa aliona si jambo la kumwambia mtu.

Jirani huyo wa nyumba ya mwisho ni mwanamke mkubwa kuliko mimi, amestaafu kiwanda cha sabuni, mwimbaji wa kanisa, na hana ubaya. Nasema hivyo kwa sababu wengi wakisikia habari hii humlaumu yeye. Alikuja Jumamosi saa saba, tukiwa tumeketi kula. Mume wangu yupo, binti yupo, mimi nipo. Akakaribishwa kiti. Akasema hawezi kula. Akafungua leso, akatoa lile gazeti, akaliweka mezani kando ya bakuli la mboga, akafungua ule uzi kipimo kikaonekana.

"Baba watoto, mimi pia nililea wasichana," akamwambia mume wangu. "Ningenyamaza ningekuwa nimewakosea. Hii nimeikuta kwenye ndoo. Laini nzima hakuna nyumba nyingine yenye uzi huu. Na msichana mkubwa kwenye laini hii ni mmoja."

Mume wangu alikitazama kitu kile bila kukigusa. Sidhani alikijua mara moja. Alipokijua, akasukuma sahani yake mbele kidogo. Hakupaza sauti, si mtu wa kupaza sauti. Akamwuliza binti yangu, "Hiki ni nini?"

"Ni kipimo, Baba."

"Cha nani?"

"Si changu."

"Basi ni cha nani?"

Binti yangu akanitazama. Nataka kusema kwamba sikuona, lakini niliona. Alikuwa na miaka kumi na tisa, ana macho ya baba yake, makubwa, yasiyojua kujificha. Aliniangalia muda mrefu. Na mimi nikageuza uso, nikaangalia mashine yangu ya kufuma, nikaanza kuhesabu sindano zilizokuwa zimeshika uzi. Jirani akaguna. Nikajua lazima niseme kitu, mama mzazi hawezi kukaa kimya namna ile, na kilichonitoka mdomoni ni hiki:

"Mwanangu, sema tu ukweli. Hakuna atakayekupiga."

Hayo ndiyo maneno niliyosema. Nimeyarudia mara nyingi nikiwa peke yangu na hayajawahi kupungua ubaya. Ningenyamaza tu, ningekuwa mwoga. Lakini niliongea, na nikaongea kwa upole, kama mama mwema.

Binti yangu hakujibu tena. Jirani akajaribu kusaidia, akasema kipimo kinaonyesha mstari mmoja, kwa hiyo ashukuriwe Mungu, hakuna kilichoharibika. Mume wangu akamwambia asante, akamsindikiza mlangoni, akarudi akaketi. "Mtu hapimi asichokifanya," akasema. Akaingia chumbani, akatoka na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na barua ya kumwita binti yetu chuo cha uuguzi. Tuliingoja barua ile karibu mwaka mzima. Ilisema aripoti Jumatatu, wiki mbili kutoka siku ile, na kwamba asiporipoti wiki hiyo nafasi atapewa mwingine. Akaikunja bahasha, akaitia mfukoni mwa koti.

"Ataenda kwa mama yangu ushago," akasema. Alikuwa anazungumza nami, si naye. "Akae huko. Mtoto anayenidanganya mezani kwangu, nikimsomesha nitakuwa namlipia uongo."

Jumatatu akaondoka kwenda kijijini. Nilimpangia nguo mwenyewe. Niliweka sweta mbili, kule kwetu asubuhi ni baridi, na nilipokuwa nafunga zipu ya begi nilifungua mdomo kabisa nikitaka kumwambia. Alikuwa amesimama karibu, amejifunga kitambaa kichwani. Nikamwambia amsalimie nyanya. Akasema, "Sawa, Mama."

Nyumba ikabaki na sauti ya mashine tu. Kola nilitia mwenyewe, na zilipinda. Wateja wawili walinirudishia. Na pale bombani nikawa nasikia wanawake wakinyamaza nikifika. Mmoja aliniambia, "Pole mama, watoto wa siku hizi ni kuombea tu." Nikamjibu asante. Nilisema asante! Halafu nikabeba mtungi wangu nikarudi nyumbani nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi, nikijiita majina ambayo siwezi kuyaandika.

Wiki hiyo hiyo ile hofu ya uvimbe ikanipeleka kliniki. Nilijiambia nikijua ninaumwa nini nitapata nguvu ya kusema. Uongo mwingine huo, lakini nilikwenda. Nesi alikuwa msichana mdogo, hajafika hata thelathini, sare yake imepigwa pasi mpaka mistari inakata. Akanisikiliza vizuri. Akaniuliza joto, usingizi, hasira. Nilipofika kwenye hasira nikacheka, yeye akaandika.

"Mama, hii inaonekana ni safari ya kukoma hedhi," akasema. "Haikatiki siku moja. Inaweza kuruka miezi miwili, ikarudi, ikaruka tena, hata miaka kadhaa. Mpaka upite miezi kumi na miwili mfululizo bila kuona chochote ndipo tunasema imekoma. Kabla ya hapo bado unaweza kushika mimba, kwa hiyo usijiachilie. Ikija nyingi sana, au ikirudi baada ya mwaka, njoo mara moja, hiyo hatuiachi hivi hivi."

Akanipima, akaniandikia vipimo vingine viwili vya kuondoa wasiwasi. Kisha akauliza kama nilikuwa nimepima mimba kwanza.

"Nilipima."

"Ulifanya vizuri kabisa," akasema. "Wengi wa umri wako wanaona haya. Hongera, mama."

Hongera! Binti yangu alikuwa kwenye kibaraza cha nyanyake akipepeta mahindi kwa ajili ya kipimo hicho hicho, na mimi napewa hongera. Nilitoka pale. Yule nesi alikuwa ndiye mtu niliyemtaka binti yangu awe. Hata namna ya kuketi, kalamu mkononi, anakungoja umalize bila kukukatiza, binti yangu hukaa hivyo. Ningekuwa mtu ningenyoosha moja kwa moja mpaka ofisini kwa mume wangu. Nilienda nyumbani nikafuma.

Halafu Jumatano ya wiki ya pili hedhi ikarudi. Ilikuja kwa fujo, kama maji ya kanjo yaliyokatwa wiki nzima, nikashinda nimejikunja kitandani. Na sasa nitasema jambo ambalo linanitia haya kuliko yote. Nilipoiona, nilifurahi, nikawaza: basi, yamekwisha. Sina mimba, sina uvimbe, mwili umerudi, hakuna anayehitaji kujua. Binti atakaa ushago mwaka mmoja, ataomba chuo tena, baba yake atapoa. Nilikuwa nimepanga kabisa. Nilimpangia mtoto wangu kupoteza mwaka mzima wa maisha yake ili wanawake wa bombani wasinicheke. Nilipolisikia wazo hilo jinsi lilivyo, niliketi kitandani, nikalia kwa sauti.

Hata hivyo sikusema Jumatano. Sikusema Alhamisi wala Ijumaa. Nilisema Jumamosi alasiri, zikiwa zimebaki siku mbili, kwa sababu mume wangu alikuwa ametandika gazeti sakafuni anapiga rangi viatu vya kanisani, na nikaona amepiga rangi vyake, amepiga vyangu, halafu amechukua viatu vya binti yetu vilivyobaki nyuma ya mlango, ameanza kuvipiga rangi pia. Alikuwa anavisugua polepole, na hakuna aliyekuwa wa kuvivaa.

"Baba watoto," nikasema. "Kile kipimo kilikuwa changu."

Aliendelea kusugua kidogo. "Kipimo kipi?"

"Kile. Mimi ndiye niliyepima. Mwezi wangu ulikuwa umekosa, nikadhani nimeshika mimba na mkaza-mwana juzi tu ametoka kuzaa. Niliona aibu. Mtoto hana kosa."

Akaweka kiatu chini. Nilingoja anitukane, nilitaka anitukane. Alinyanyua mkono wenye brashi, akaonyesha kiti changu cha mezani.

"Ulikuwa umekaa pale," akasema. "Ulikuwa umekaa pale pale. Na ukamwambia aseme ukweli."

"Ndiyo."

"Ungekuwa na mimba ungekuwa na mimba. Mimi ni nani wako? Si mimi mume wako?" Akaweka brashi chini. "Nimemfukuza mtoto nyumbani kwangu, mama. Na wewe ukamfungia begi."

Akanawa mikono, akatoka nje na simu, akampigia mama yake. Sikusikia walichosema. Aliporudi aliniambia tu kwamba binti atapanda basi la asubuhi, kisha akatoa bahasha ya kaki kwenye koti, akainyoosha kwa viganja juu ya meza, akaiwekea Biblia juu ili ikunjuke.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilipika kuku, nilipika chapati, nilifagia mahali palipofagiwa. Zamani huyu binti akiingia nyumbani alikuwa akinitania kutoka mlangoni, "Niaje, mathe!" na mimi namwambia mathe wako nani, mimi si wa kijiweni. Siku ile aliingia, akaweka begi chini, akasema, "Habari ya mchana, Mama." Kwa adabu kamili. Sijawahi kuumizwa na salamu namna ile.

Nilimfuata jikoni. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi na nikayasahau yote, nikamwambia tu nimekukosea, nisamehe. Akasema amenisamehe. Alisema upesi, huku akijimiminia maji. Halafu akanywa, akaweka kikombe, akaniambia, "Nilijua ni chako, Mama."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Si tunatumia pakiti moja ya pedi? Mwezi wa sita zangu zilipungua, zako zikabaki. Mwezi wa saba vile vile. Nikadhani labda umeanza kununua zako kando. Halafu jirani akaleta kile kitu kimefungwa uzi, na mimi sijakigusa. Alikuwa amebaki nani?"

"Sasa mbona hukusema, mwanangu?"

Akanishangaa kweli. "Niseme nini, mbele ya Baba? Eti nimekuwa nikihesabu siku za mama yangu? Mtoto anasema hivyo? Nilikuangalia useme wewe. Nikangoja. Wewe ulikuwa unaangalia mashine."

 Alikuwa amenisitiri kwa adabu ile ile niliyomfunza mwenyewe, na ndiyo iliyomfunga mdomo. Nilijaribu kumshika mkono, akaniachia mkono nimshike, lakini haukunishika.

"Umemwambia Baba, asante," akasema. "Na hapa nje, umewaambia? Nimepita pale, jirani amenisalimia anaangalia tumbo langu. Ati nimenenepa. Kesho nitaenda chuo, na wao watasema nimeenda kutoa mimba. Watasema kila nikirudi likizo."

Nilikuwa sijafika huko kwa mawazo. Nilidhani nikishamwambia baba yake nimemaliza kazi.

Maji ya kanjo kwetu huja Jumatatu na Alhamisi, na saa moja asubuhi wanawake wote wa laini yetu na laini ya pili huwa wamepanga mitungi. Nilitoka bila mtungi. Mume wangu na binti yangu walikuwa ndani wanamalizia chai. Nilisimama katikati ya ile foleni, nikaanza bila salamu. Nikasema kipimo kilichopatikana kwenye ndoo si cha msichana wangu. Ni changu. Nilikosa siku zangu miezi miwili nikadhani ni mimba, na kumbe ni umri, ni hedhi inaelekea kukoma. Nikasema nilijua tangu mwanzo, nikanyamaza, nikaacha mtoto atukanwe.

 Maji yakawa yanamwagika kwenye mtungi uliojaa na hakuna anayefunga. Halafu jirani wa nyumba ya mwisho, aliyeleta gazeti mezani kwangu, akaangua kicheko. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Wee mama wa sweta! Ati umri! Mimi nilipima mara tatu! Nilitoka hapa nikaenda kununulia Mathare watu wasinijue!"

Basi wote wakapasuka. Mmoja akasema yeye alikuwa ameshaanza kutafuta jina la mtoto. Mwingine akasema mume wake alimtorokea kwa dada yake wiki nzima aliposikia mwezi umekosa, na baadaye ikawa ni kukoma tu. Wakapigana viganja. Wakaniuliza joto limenianza, wakanifundisha kulala na kitambaa chenye maji kando ya mto. Sikusikia hata mmoja akitaja mkaza-mwana. Kilikuwa kicheko cha dakika tatu, nne, cha watu wanaonipenda, na ndicho nilichokuwa nimekiogopa wiki mbili zote hizo.

Jirani akajifuta macho na leso. "Sasa mama," akasema, bado anacheka, "si ungesema tu siku ile ile tukacheka yakaisha?"

Nikageuka. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, amevaa viatu alivyopigiwa rangi na baba yake, begi liko miguuni. Alikuwa amesikia kila kitu. Alikuwa anawaangalia wale wanawake wakicheka, mmoja baada ya mwingine, halafu akaniangalia mimi. Jirani akampungia mkono akamwambia, "Tusamehe, mama, tulikudhania vibaya." Akajibu kwamba ni sawa.

Nilienda mbio nikainama nilichukue lile begi, angalau nimsindikize mpaka stejini kwenye mabasi.

"Wacha tu, Mama," akasema, akiliondoa mkononi mwangu taratibu. "Baba atanibebea."